Injini moja kwa umeme na upepo: namna ya kujitengenezea mtambo wa safari

Barabara zinazotoka Goma hazimhurumii mwenye gari. Mawe ya lava yana makali yanayochana ubavu wa tairi, na ukishaipita Sake kuelekea Masisi au Minova, au Kibumba kuelekea Rutshuru, si katika kila kijiji utampata kwado, yaani fundi wa tairi, mwenye kompresa inayofanya kazi. Jioni ikiingia, shida inakuwa ya pili: giza, simu zimezima, kompyuta ya kazi haina chaji. Ndiyo maana watu wa makanisa, wa chanjo, wa kwaya na wa biashara ya maharagwe huuliza swali lilelile: inawezekana kujitengenezea mtambo mmoja, wa kubebwa na watu wawili, unaotoa umeme na upepo wa kujaza tairi pamoja?

Inawezekana. Injini ndogo ya petroli, altaneta ya gari (ile inayochaji betri), kichwa cha kompresa, tangi la breki za lori na fremu ya chuma vyote vinapatikana mjini, kama si kwenye maduka ya Birere basi kwa mafundi wanaobomoa magari yaliyokufa. Lakini mitambo mingi ya namna hii haidumu. "Papa, nunua mashine kubwa, shida itaisha," ndivyo utakavyoambiwa gereji. Haitaisha, kwa sababu shida haiko kwenye ukubwa. Iko kwenye mwendo. Altaneta inataka kuzunguka mbio sana, kompresa inataka kuzunguka polepole, na injini iko katikati yao. Mtambo mdogo uliopangiwa mwendo wake vizuri utakutumikia kuliko mkubwa uliofungwa kwa kubahatisha.

Kwa nini usiunganishe tu jenereta na kompresa ya umeme

Njia inayowajia wengi kichwani ni kununua jenereta, au grupu kama tulivyozoea kusema, kisha kuchomeka humo kompresa ya umeme. Tatizo linaanza pale mota ya kompresa inapowashwa. Kwa sekunde chache huvuta mkondo mara tano au sita ya ule itakaouvuta ikishashika mwendo. Kompresa ya kilowati 1.5 inaweza kuilemea jenereta ya kilowati 2 papo hapo, ingawa ukisoma vibandiko vyao hesabu inaonekana kutosha. Mtu analazimika kupanda hadi jenereta ya kilowati 5, na hiyo si mzigo wa kushusha na kupandisha kila mnapolala.

Hata ikiwaka, nguvu inapotea njiani. Jenereta hugeuza takriban asilimia 80 ya nguvu ya injini kuwa umeme. Mota ya kompresa nayo hugeuza takriban asilimia 75 ya umeme huo kuwa mwendo. Kinachofika kwenye pistoni ni kama asilimia 60 ya ulichokilipia petroli. Mkanda unaotoka kwenye injini moja kwa moja hadi kompresa hupoteza asilimia 5 hivi. Kwa upande wa upepo, basi, sioni sababu ya kupitia kwenye umeme.

Kwa upande wa umeme napendelea altaneta ya gari, betri na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220), kuliko kichwa cha jenereta cha volti 220. Kichwa cha jenereta chenye poli mbili lazima kizunguke mara 3000 kwa dakika ili kitoe umeme wa hezi 50 tunaoutumia hapa. Kompresa ikianza kuvuta kwenye injini hiyohiyo, mwendo unashuka, na umeme unayumba pamoja nao. Halafu kuna vichwa vilivyotumika vilivyotoka Marekani: vyenyewe vinataka mizunguko 3600, hezi 60 na volti 120, na mnunuzi hugundua akishalipa. Altaneta haijali kuyumba huko. Regileta yake hushikilia volti 14 hivi hata mwendo ukipanda na kushuka, na betri humeza yanayobaki.

Anza na hesabu ya usiku mmoja

Kabla ya kununua bolti hata moja, andika mtakachokitumia jioni. Taa nne za LED za wati 8 kwa saa tano ni wati-saa 160. Kompyuta mbili za wati 60 kwa saa tatu ni 360. Simu sita, kila moja wati-saa 12, ni 72. Jumla haifiki 600. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 imebeba wati-saa 1200, na ukiitumia nusu tu ili isife mapema, umepata zile 600 zako. Kundi la watu sita linalala na taa kwa betri moja.

Kama mnahitaji kuchaji simu tu, acheni mpango huu wote. Paneli ya jua ya wati 100 na betri ndogo vitawatosha, bila kelele wala petroli. Mtambo wa injini una maana pale ambapo upepo unahitajika, au umeme wa jioni hauwezi kusubiri jua la kesho.

Sasa angalia altaneta. Ikiwa imeandikwa ampea 60, wengi huhesabu 60 mara 14, wanapata wati 840, wanaogopa. Lakini betri ndiyo inayoamua itameza kiasi gani. Betri ya kawaida ya maji yenye ampea-saa 100 haipaswi kulishwa zaidi ya ampea 25 hadi 35 kwa muda mrefu. Ampea 35 kwa volti 14 ni wati 490. Altaneta za magari hupoteza karibu nusu ya nguvu kwa joto, kwa hiyo injini itatoa takriban wati 900 kwa kazi hiyo. Shika namba hiyo. Kwa saa mbili hivi za kuwasha, betri itakuwa imerudisha ulichotumia, isipokuwa kile kipande cha mwisho ambacho betri hukipokea taratibu hata ungekuwa na altaneta ya basi.

Upepo nao: nguvu farasi moja, yaani wati 746, hutoa takriban lita 100 za upepo kwa dakika kwenye presha ya bari 6. Tairi la Land Cruiser lina nafasi ya lita 70 hivi. Kulitoa bari 1.5 hadi bari 3 kunahitaji lita 105. Dakika moja na ushee. Zile kompresa ndogo za kuchomeka kwenye gari, zenye maandishi ya lita 30 kwa dakika kwenye boksi, zitahangaika na tairi moja mpaka ziunguze mkono, na presha ikipanda mwendo wake unazidi kushuka.

Kwa hiyo umeme na upepo kwa pamoja, pamoja na hasara za mkanda, vinataka takriban wati 1700 hadi 1800.

Urefu wa Goma unakula nguvu

Injini ya aina ya Honda GX160, ya sentimita za ujazo 163, na nakala zake za Kichina zilizojaa kwenye pampu za maji, hutoa kilowati 3.6 ikizunguka mara 3600 kwa dakika. Hiyo ni hesabu ya pwani. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Goma iko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asilimia 17 imeondoka kabla hujavuta kamba. Imebaki kilowati 3. Ukiizungusha mara 3000 badala ya 3600, na ukataka ifanye kazi saa nzima bila kuchoka, hesabu kilowati 2.2. Wati 1800 zinaingia humo. Injini ya sentimita 196 itakupa nafasi zaidi kama unapanda mara kwa mara Masisi, lakini huhitaji kubwa kuliko hiyo.

Hewa nyepesi inaleta jambo jingine. Kabureta iliyopangwa kwa nchi ya chini huku juu inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Fungua plagi baada ya kazi ya nusu saa: ikiwa nyeusi na ina masizi makavu, na moshi wa ekzosi ni mweusi, jeti kuu, yaani kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta, ni kubwa mno. Jeti ndogo kidogo ni kipuri cha bei nafuu, na inaokoa petroli pia. Usimruhusu mtu avute springi ya gavana (kidhibiti mwendo cha injini) ili "kurudisha nguvu". Injini itapita mizunguko iliyojengewa, na konrodi, mkono unaobeba pistoni, ndiyo itakayolipa.

Puli ndiyo moyo wa kazi

Altaneta kwenye gari huzungushwa mara mbili hadi tatu ya mwendo wa injini, ndiyo maana inachaji hata gari likiwa limesimama. Ikizunguka chini ya mara 1500 haitoi cha maana, na uwezo wake mzuri uko karibu na 5000 au 6000. Kompresa ya mkanda, kinyume chake, imejengwa kwa mizunguko kati ya 600 na 1100. Ukiifunga ili izunguke 3000 sawa na injini, valvu zake nyembamba zitavunjika na kichwa kitaungua.

Peleka shafti ya injini kwa fundi wa kukereza akutengenezee puli (gurudumu la mkanda) yenye mifereji miwili. Mfereji wa altaneta uwe na kipenyo cha milimita 120, ukiendesha puli ya altaneta ya milimita 60: mizunguko 3000 inakuwa 6000. Mfereji wa kompresa uwe milimita 80, ukiendesha gurudumu la kompresa la milimita 270: mizunguko 3000 inashuka hadi takriban 890. Mpelekee fundi mikanda yenyewe mkononi, kwa sababu mkanda wa altaneta za zamani ni mwembamba kuliko ule wa kompresa, na mfereji usiolingana na mkanda utautafuna ndani ya wiki. Altaneta za magari ya karibuni zina puli ya mistari mingi. Tafuta ya zamani yenye mfereji wa pembe.

Kuna kosa moja hapa ambalo nimeliona kwenye mitambo iliyojengwa kwa ufundi mzuri kabisa. Simama ukitazama ncha ya shafti ya injini hizi: inazunguka kinyume cha saa. Altaneta ya gari, ukiitazama upande wa puli, huzungushwa kufuata saa. Ukizipanga injini na altaneta ubavu kwa ubavu, puli zote zikikutazama wewe, altaneta itazunguka kinyumenyume. Itachaji, ndiyo, na fundi ataona kazi imekwisha. Lakini feni yake imepindwa kwa upande mmoja, upepo wa kupoza haupiti inavyotakiwa, na daiodi zake, zinazonyoosha umeme kwa ajili ya betri, zitaiva taratibu hadi siku ya safari. Dawa ni kuigeuza altaneta mwili wake ukae upande wa pili, puli ikiielekea injini. Gurudumu la kompresa nalo lina mshale. Ufuate, maana mbawa zake ndizo feni ya kichwa.

Waya za altaneta ni chache. Waya mnene, milimita za mraba 16, kutoka B+ (mdomo mkubwa wa kutolea umeme) hadi kwenye betri, na fyuzi karibu kabisa na betri. Waya mwembamba kutoka swichi, kupitia balbu ndogo ya wati 2 au 3, hadi D+, mdomo mdogo wa altaneta. Balbu hiyo si pambo: ndiyo inayoamsha sumaku ya ndani. Ukiwasha swichi inawaka. Injini ikishika mwendo inazima, nawe unajua chaji inaingia. Usichomoe betri mtambo ukiwa unazunguka. Volti hupaa ghafla na kuunguza daiodi pamoja na inveta yako.

Kompresa ipi

Hapa ndipo vishawishi vilipo vingi, kwa sababu vyuma chakavu vimejaa kompresa. Ile ya breki za Fuso inaonekana imara, na ni imara kweli, ila kwa kawaida hulainishwa kwa oili inayosukumwa kutoka kwenye injini ya lori. Ukiifunga peke yake itakauka na kushika. Kompresa ya kiyoyozi cha Toyota ni nyepesi na ina klachi ya sumaku ya volti 12, jambo zuri sana: swichi moja inaishikisha au kuiachia. Lakini oili yake husafiri pamoja na gesi ya kiyoyozi. Ikivuta hewa ya kawaida haipati oili, hivyo utalazimika kuitonea oili kwenye njia ya kuingizia hewa na kuichuja inapotokea. Zile za York za pistoni zina oili yake chini, kama injini, ukiipata ichukue. Zaidi ya hapo, nakushauri kichwa cha kompresa ya gereji, cha nguvu farasi moja na nusu au mbili, chenye oili yake na gurudumu lake.

Kichwa hicho kinahitaji kitu ambacho kwenye kompresa ya umeme huwa hakionekani. Huko, presha ikifika, swichi inazima mota. Injini ya petroli huizimi na kuiwasha kila dakika. Lazima iendelee kuzunguka huku kompresa ikiacha kusukuma. Valvu ya kupumzisha ndiyo kazi yake: tangi likifika bari 8, inaachia upepo wa kichwa utoke nje bila mzigo, na valvu ya kuzuia kurudi inalishikilia tangi. Presha ikishuka hadi bari 6, inafunga na kazi inaanza tena. Mtambo usio na valvu hii utaendelea kusukuma hadi kitu kipasuke.

Bomba la kutoka kwenye kichwa hadi tangini liwe la shaba au chuma. Hewa iliyobanwa hadi bari 8 inatoka ikiwa na joto la kupita nyuzi 150, na mpira wa petroli unaofungwa na wengi hapo hulainika ukafumuka. Bomba la shaba la mita moja na nusu, lililozungushwa, linapoza upepo na kuyaacha maji tangini, ambako utayatoa kwa koki ya chini.

Tangi na moshi: hapa usibuni

Tangi la lita 25 lenye bari 8 limebeba nishati inayokaribia kilojuli 30. Ni sawa na gari dogo la tani moja kudondoka kutoka urefu wa mita 3. Ndiyo maana mtungi wa gesi ya friji, kizima moto cha zamani au bomba lililofungwa ncha kwa kuchomelea si tangi. Tangi la breki za lori limetengenezwa kwa upepo na lina koki ya maji. Ligonge, limulike ndani kwa tochi. Kutu ikibanduka kwa vigae, liache. Kisha ulijaze maji pomoni na kulisukuma kwa pampu ya mkono hadi bari 12, mara moja na nusu ya presha ya kazi. Kwa maji, kwa sababu maji hayabanwi: tangi likishindwa litachuruzika tu badala ya kulipuka. Usichomelee chochote kwenye mwili wake; lifunge kwenye fremu kwa mikanda ya chuma. Na liwe na valvu ya usalama yake yenyewe, isiyo na koki yoyote kati yake na tangi.

Kuhusu tairi za lori zenye rimu ya pete: mtambo huu unaweza kuzijaza, lakini asisimame mtu mbele ya pete hiyo. Mpira uwe mrefu, na rimu iwe ndani ya kizimba au imefungwa minyororo.

Watu wa Goma wanaijua mazuku, ile hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, hasa upande wa magharibi wa mji, asubuhi kabla upepo haujavuma. Kwa hiyo tumezoea kwamba gesi mbaya hukaa chini na mahali pa juu ni salama. Moshi wa injini haufuati kanuni hiyo. Monoksidi ya kaboni ina uzito unaokaribia sana ule wa hewa; inaenea chumba kizima, kitandani na darini, haina harufu, na anayeshikwa na usingizi wake haamki. Mtambo uwashwe nje, mbali na madirisha, kamwe si ndani ya nyumba, hema au gari lililofunikwa turubai, hata mvua ikinyesha. Na kama uko bondeni alfajiri, injini ikazimika bila sababu ingawa petroli ipo, usiiname kuikagua. Injini nayo inahitaji oksijeni. Ondoeni watoto na nyote mpande juu kwanza.

Barabarani

Pima mafuta mnayobeba kwa hesabu ya lita moja kwa saa. Petroli ya Kadhafi, yaani ya wauzaji wa barabarani, ichujwe kwa kitambaa kisafi, kwa sababu maji na vumbi vya bidoni ndivyo vinavyoziba jeti, na usijaze tangi la injini ikiwa bado ya moto. Kabla ya kuondoka mwaga upepo wote na maji ya tangi la hewa. Mtambo usafiri ukiwa wima, umefungwa, na koki ya petroli imefungwa. Ukiiacha wazi, mtikisiko wa barabara utalisukuma boya la kabureta na petroli itashukia kwenye oili ya injini. Mkifika, vuta kijiti cha oili kabla ya kuvuta kamba: kikinuka petroli na kiwango kikiwa kimepanda, mwaga oili yote, weka mpya, ndipo uwashe.